Waya wa Ardhi Nyuma ya Rada

"Shangazi, ndege inashuka. Una dakika sita."

Redio ya Motorola ikanyamaza. Ofisini kwao, idara ya usalama, wote walimwita Shangazi, hata mkuu wake aliyemzidi miaka kumi, na hakuna aliyethubutu kumuuliza jina lake halisi.

Nyuma ya kabati la mitambo ya rada alikuta kisanduku kilichofichwa. Ndani mlikuwa na kapasita, chombo cha kulimbikiza umeme, nene kama chupa ya chai, na mita ndogo. Mshale ulikuwa umesimama kwenye volti mia tatu na kumi. Alama nyekundu ilikuwa kwenye mia nne.

Kapasita ikijaa itamwaga umeme wake wote kwa mpigo, na rada itaungua. Nje ukungu ulikuwa mzito, rubani haoni hata pua yake, anaongozwa na rada tu. Ndani ya ndege walikuwamo watu tisini na wawili, mmoja wao shahidi anayekuja kuwataja wauza silaha za magendo. Wengine wote wangekufa bure tu, jamani.

Lakini mbona mshale hautembei?

Mama mfagiaji alikuwa mlangoni. Alikiri kwamba asubuhi ndoo yake ilinasa waya wa kijani na njano, ukachomoka.

Waya wa ardhi.

Fundi wa zamu wa rada alikwishapiga magoti kando ya kisanduku. Aliapa hajawahi kukiona kisanduku hicho tangu azaliwe. Kwa sauti ya upole akaeleza kuwa chombo kisicho na ardhi kinaua, hivyo waya urudishwe kwanza, ndipo kifunguliwe. Maneno ya maana. Marehemu baba yake Shangazi, fundi redio, angesema hivyo hivyo.

Ila roho yake ilikataa.

Fundi alipenyeza mkono nyuma ya kabati, kwenye giza totoro, bila tochi, bila kupapasa, akaifikia bolti ya kufungia waya moja kwa moja. Mgeni wa kisanduku hiki kaijuaje?

Waya ukagusa bolti.

Mia tatu ishirini. Arobaini. Sitini.

"Toa huo waya." Bastola ya Shangazi, Glock, ilishatoka kwenye koti.

"Shangazi yangu, unataka tufe sote?"

"Toa."

Akautoa. Mshale ukaganda palepale.

"Umeme wa kisanduku hiki unarudi kwa kupitia ardhi," Shangazi alisema taratibu. "Bila waya huo hauna pa kupita, na kapasita haijai. Wewe ulijua."

Fundi akajirusha kuukamata tena. Kiatu cha Shangazi kikamkuta kwenye kifundo cha mkono, kisha pingu zikamfunga kwenye mguu wa meza.

Dakika moja na nusu.

Alikata waya wa kuingiza umeme kisandukuni kwa koleo lenye mpini wa mpira. Bado volti mia tatu sitini zilikuwa zimelala ndani, na hizo haziondoki zenyewe. Akaitwaa taa ya meza na kuzichuna nyaya zake, mkono mmoja ukifanya kazi, mwingine mfukoni ili umeme usipite kifuani, kama baba alivyomzoesha. Nyaya zikagusa ncha za kapasita.

Balbu ikawaka, ikafifia. Sifuri.

"Imetua," redio ikasema.

Shangazi akashusha pumzi, akaichomeka bastola. Mlangoni mama mfagiaji alimuuliza, machozi yakimlengalenga, kama atafukuzwa kazi kwa ajili ya ule waya.

"Dada yangu," Shangazi akamjibu, akifunga kifungo cha koti, "na kesho pitisha ndoo palepale."

Akaondoka bila haraka.