Kadi Iliyopoa

Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025, saa tisa alasiri, kadi ya grafiki ilipoa ikiwa kazini.

Siwema aliigusa akaurudisha mkono. Kadi hizo, ambazo vijana huzinunua wachezee magemu, hupekua diski kama watu elfu wanaopekua chumba kimoja kwa pamoja, na zikipekua huchoma. Hii ilikuwa baridi kama udongo wa mwanandani, ndani ya kaburi.

"Feni zinazunguka," alinong'ona Telesphory, mwenzake pale karakana ya kompyuta, Kibaha. "Mbona kunanuka ubani, dada?"

Diski ilikuwa ya mdogo wake Siwema, marehemu Ashrafu, aliyekuwa na kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu huko Chole, Kisarawe. Mtu aliifuta siku ya msiba. Kijijini wakasema kijana kanywa sumu kwa mkono wake, na wengine hawakuja hata kumsalia. Siwema aliamini kuna sauti iliyofutwa humo. Bila kadi, kompyuta ingetafuta mwezi mzima. Kwa kadi, ilibaki robo saa.

Ndipo spika ikakohoa kikohozi cha Ashrafu.

"Siwema, niache nipumzike," ilisema, na ubani ukazidi kuwa mzito, na feni zikaanza kulia kama mtu anayelilia ndani ya blanketi, na baridi ikapanda kutoka mezani hadi viwikoni mwake, hadi kifuani, hadi akahisi pumzi ikimgusa shingoni ilhali nyuma yake palikuwa na ukuta mtupu.

"Zima, dada. Nakuomba," alisema Telesphory.

"Sizimi." Akaigeukia spika. "Mdogo wangu hakuwahi kuanza neno nami bila salamu. Kama ndiwe, niamkie."

Spika ikakohoa tena.

"Sema shikamoo."

Spika ikakoroma. "Mimi nilikuwepo kabla ya babu wa babu zako."

"Kiburi hichohicho, ewe jini, ndicho kilichomfukuzisha mkubwa wenu peponi. Basi kaa hapo, utazame."

Akaweka kiganja juu ya kadi, akasoma Ayatul Kursiyyu taratibu, neno kwa neno. Kadi ikapata uvuguvugu, ikapata moto, ikamchoma. Hakuuondoa mkono. Ubani ukakatika.

Faili moja likatokea. Telesphory akalibonyeza.

"Shikamoo dada. Mjomba Jumbe kaniletea uji, nimekunywa, tumbo linaniwaka. Sikujitakia, dada. Mwambie mama."

"Marahaba, mdogo wangu," alisema Siwema. "Chole nzima itakusikia, na Jumbe akiwepo."

Kisha akainua mikono, mmoja ukiwa na malengelenge. Ewe Mola, mrehemu Ashrafu, lipanue kaburi lake, ulitie nuru, na dua za waliomnyima zimfikie hata sasa. Amina.