Mikono ya Bibi Harusi Asiyekuwepo

"Umeniacha mie kwa sababu ya sabuni ya vyombo," Raudha alisema. "Sema tu, Twalib. Sabuni ya vyombo."

"Usiiingize sabuni ya watu kwenye ugomvi wetu," Twalib akajibu, simu bado kaiinua mkononi.

"Na mie naunga mkono," Faraji, mwenye sabuni, akadakia. "Sabuni yangu haijamkosea mtu."

Walikuwa soko la Tandika, mbele ya kibanda cha vifungashio, mahali penye kelele kiasi kwamba ugomvi wa watu wawili haumgeuzi mtu shingo. Raudha alikuja kununua plastiki za kutengenezea koni za hina. Hakutegemea kumkuta Twalib, ambaye alikuwa hapokei simu zake tangu wiki iliyopita, kapiga goti katikati ya njia anamrekodi Faraji na ndoo ya povu kwa tangazo la sabuni. Alivaa fulana yake ya kijani iliyopauka mabegani, na kichwa kimenyolewa upya, kimechongwa vizuri. Mwanamume mwenye majonzi hanyoi hivyo, Raudha aliwaza, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Yeye mwenyewe alivaa baibui jeusi na mtandio wa zambarau. Joto lilikuwa kali, lakini mikono ya baibui alikuwa ameivuta mpaka kwenye vidole.

"Simu zangu hupokei. Ujumbe unasoma, hujibu. Halafu nakukuta hapa unacheka na ndoo," alisema.

"Pandisha mkono wa baibui."

"Wa nini?"

"Pandisha, Raudha. Temeke nzima imeona, mie ndo nifichwe?"

Raudha akazidi kuuvuta mkono wa baibui chini. Alijua anaulizwa nini.

Wawili hawa walianza na kazi, mapenzi yakaja yenyewe. Raudha alikuwa anatengeneza hina na piko nyumbani kwao Kiwalani, bidhaa nzuri, ila wanunuzi walikuwa majirani tu. Twalib, ambaye kazi yake ni kurekodi video za watu, ndiye aliyemwambia aache kujisifia mwenyewe. "Waache waliochorwa waongee," alisema. Basi wakawa wanawaomba wateja wajirekodi kwa simu zao wenyewe, mikono tu, sura siyo lazima, waseme wanachotaka. Twalib anaomba ruhusa, anakata, anaweka muziki, anamtaja aliyerekodi kwa jina kama mwenyewe amekubali, na mteja anapelekewa koni za bure. Video moja ilikuwa na kuku anapita juu ya mkeka na mtoto analia chumbani, na ndiyo iliyoleta wateja mpaka kutoka Bunju. Kanuni yao ilikuwa moja, video ya mteja iwe ya mteja kweli. Katikati ya kutumiana video hizo ndipo "umeshakula?" ilipozaliwa, na "umelala?", na "laazizi, sauti yako leo ina mafua."

Wiki iliyopita Twalib alikuwa Bunju anarekodi shughuli ya watu. Raudha alikuwa na mabibi harusi watatu, na wote walikataa kujirekodi. Makungwi wao walikataza, mkono wa bibi harusi hauonekani kabla bwana harusi hajauona. Ukurasa wao wa mtandaoni ukakaa kimya. Raudha, ambaye kukaa kimya hajui, akamwita binamu yake Lulu, akachorwa piko mikono yote miwili mpaka kwenye kiwiko, akajirekodi, akaandika: "Bibi harusi wetu wa wiki hii. Ahsante kwa kutuamini."

Hakuna bibi harusi. Ni yeye.

Sasa pale sokoni akapandisha mkono wa baibui polepole. Piko lilikuwa limeanza kufifia, lakini maua yalionekana yote.

"Nani anachorwa mpaka kwenye kiwiko kama haolewi?" Twalib aliuliza. Sauti ilikuwa imeshuka. "Kovu lako la pasi lile hapo, chini ya kidole gumba. Ulidhani sitalijua? Na katikati ya ua kuna M."

"M?"

"M ya Mazin. Yule mwenye duka la hina Kariakoo. Kila nikija kwenu mama yako anamsifia."

Raudha akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Ilikuwepo kweli, M ndogo katikati ya ua kubwa, pale ambapo bibi harusi huficha herufi ya mumewe.

"Hiyo M ni ya Mwishehe," alisema.

"Mwishehe ndo nani tena?"

"Mume wa mteja wangu wa Mbagala. Nilimpa Lulu picha ya mkono wa yule dada, akanakili ua zima na herufi yake. Wala sikuiona mie."

Faraji akaweka ndoo chini. "Subiri sista. Kwa hiyo umeolewa na Mwishehe?"

"Sijaolewa na mtu, kaka. Nilikosa video ya mteja, nikajifanya mteja."

Twalib alikaa kwenye gunia la muuza vifungashio bila kuomba. Akajifuta uso kwa fulana, akabaki kajifunika hivyo. Alipoishusha alikuwa anacheka, cheko la mtu aliyeambiwa mgonjwa wake kaamka.

"Wiki nzima sijala vizuri," alisema.

"Ila kunyoa umenyoa."

"Faraji alinilazimisha. Kasema nitamharibia tangazo."

"Ungeniuliza, Twalib. Simu unayo, bando unalo."

"Niliogopa utasema ndiyo."

Raudha akakaa naye kwenye gunia, na muuza vifungashio akatazama pembeni kwa heshima.

"Lakini umekosea," Twalib akasema. "Kwangu yamekwisha. Kwa wateja bado. Watu wanaamini kwa sababu ya yule kuku na yule mtoto analia. Wakijua huyu mmoja ni wa kutunga, watauliza na wale wengine."

"Najua. Nilitaka kuifuta."

"Ukifuta, utakuwa umeficha."

Raudha akasimama, akakung'uta baibui, akarekebisha mtandio. "Basi rekodi. Sasa hivi, kabla sijapata akili ya kukataa."

"Hapa?"

"Hapa. Na wewe usishike simu, utanipendelea. Kaka Faraji, shika."

Faraji akaishika simu ya Raudha. Raudha akainua mikono yote miwili mbele ya kamera, vitunguu na matenga nyuma yake. "Hii mikono mliyoiona mkaambiwa ni ya bibi harusi, ni yangu. Raudha wa hina. Sijaolewa. Nilikosa video nikaamua kudanganya, na nisameheni. Nyingine zote ni za wateja wenyewe, na Twalib ndiye anayeziunganisha. Hina ni ile ile, hiyo haijadanganya."

Akaichukua simu yake, akaipandisha video ukurasani palepale, bila kuikata. Kabla hajarudisha simu kwenye mkoba, ikaita. Mama yake, Bi Khulud.

"Raudha, nimesimamishwa dukani na watu wananipa hongera. Mie nimeozesha lini?"

"Shikamoo mama. Ilikuwa video ya kazi, nimeshairekebisha."

"Kazi gani inayoozesha mtu na mama yake hajala hata wali?" Bi Khulud alizungumza kwa nguvu, na Faraji alisikia bila kusogea. "Na yule kijana wa video yuko wapi? Nilishamzoea, siku hizi hata mlangoni hapiti."

"Si unamsifia Mazin?"

"Namsifia kwa kuwa ananipunguzia bei. Ndo nimwozeshe mtoto kwa punguzo?"

Twalib alisimama. Alimtazama Raudha, akaongea kwa sauti ya chini. "Nitume watu kwenu?"

"Unaniuliza juu ya gunia la mtu?"

"Nimeshasubiri wiki moja mbaya. Sitaki ya pili."

Raudha akampa simu. "Tuma."

"Shikamoo mama," Twalib alisema. "Ni Twalib. Naomba kumleta mjomba wangu kwako, tuje kumposa Raudha."

Upande wa pili Bi Khulud akakohoa. "Marahaba. Posa haiji kwangu, inakwenda kwa baba yake mdogo, Abdulsamad. Ila cha kusema namwambia mie. Leo alasiri atakuwepo nyumbani kwangu. Msije mtaa mzima, sijapika."

Twalib hakungoja. Akapiga simu ya pili, kwa mjomba Marijani, Temeke Mwisho.

"Mjomba, shikamoo. Vaa kanzu, nakupitia sasa hivi."

"Kuna msiba?"

"Kuna posa. Yangu."

"Ile kanzu nyeupe imelowekwa."

"Vaa ya kahawia, mjomba. Vaa yoyote."

Bajaji ilikuwa imesimama ukingoni mwa barabara. Raudha akaingia kwanza, plastiki zake mapajani, Twalib akabanana pembeni yake.

"Wapi?" dereva akauliza.

"Temeke Mwisho, tunamchukua mzee," Raudha alisema. "Kutoka hapo, Kiwalani."

Bajaji ikaondoka.