Safu ya Jamaa wa Karibu

Walikutana Githurai 45, kwenye rundo la mitumba, kila mmoja ameshika mkono mmoja wa sweta ya kijani.

"Hii ni ya wanaume," Muriithi akasema.

"Imeandikwa wapi?" Nekesa akamuuliza huku akiivaa papo hapo, juu ya gauni lake la maua.

Muriithi akashindwa, akaomba namba. Kumbe wote waliajiriwa na kampuni moja ya maua kule Thika: yeye kwenye kompyuta, Nekesa kwenye kufunga mawaridi. Wakapendana kweli. Mwaka mzima jioni zao zilikuwa chai na mandazi chumbani kwa Nekesa, pale mtaa wa Kimbo, na simu za kuulizana umefika hata kabla mtu hajafika.

Muriithi alikuwa fundi hodari, ila mwenye haraka, na haraka haina baraka. Kila alipotoa orodha ya wafanyakazi aliandika amri moja kwenye kompyuta, na mwishoni akaongeza neno la kuondoa vichwa vya safu, yale maandishi ya juu yanayosema kila safu ni ya nini. Vichwa vilimkera. Nani asiyejua kwamba jina ni jina na namba ni namba?

Ijumaa moja ofisi ikaomba orodha ya watu ishirini na saba ambao mikataba yao haingeendelea. Akaitoa bila kusoma majina. Ilikuwa na safu mbili za simu, ya jamaa wa karibu ikitangulia ya mfanyakazi mwenyewe. Karani hakuwa na cha kumwonyesha ipi ni ipi, akatuma ujumbe wa kusitisha mikataba kwa ile ya kwanza.

Jumatatu Nekesa na wenzake ambao ujumbe haukuwafikia wakazuiwa getini. Akampigia Muriithi.

"Hiyo list ulitoa wewe?"

"Ni mimi, lakini, babe..."

"Since Friday ulijua, na Sunday ukakula ugali yangu ukinyamaza?" Akakata.

Muriithi aliapa kwamba hakuliona jina la Nekesa. Hakuaminiwa, wala simu zake hazikushikwa tena. Siku ya tano akaitoa orodha upya, safari hii na vichwa vyake. Chini ya "Jamaa wa Karibu", mbele ya jina la Nekesa, hapakuwa na mama wala kaka. Palikuwa na namba ya Muriithi mwenyewe, ile laini ya zamani aliyoiacha kwenye droo; ndiko ujumbe wa Nekesa ulikokwenda. Fomu ilijazwa upya wiki tatu tu baada ya kukutana Githurai. Akalia pale pale kazini, watu wakimtazama.

Alimkuta Nekesa kule Kimbo amevaa ile sweta, godoro limeshafungwa kamba. Akamweleza yote, akamwomba asiende, akamwomba waoane.

"Nimekuamini," Nekesa akasema polepole. "Lakini Muriithi, ni watu ishirini na saba, na hukusoma hata jina moja. Mimi nilikuwa hapo ndani."

Muriithi akalia tena. Nekesa akamfuta machozi kwa mkono wa sweta, akamwambia kuna shule Bungoma imempa kazi jikoni. Fomu yao alikuwa ameijaza jana.

"Na kwa jamaa wa karibu?" Muriithi akauliza.

Nekesa akakaza kamba ya godoro.

"Niliandika mama."