Chupa Ndani ya Sweta la Somoe

Hadithi hii aliisimulia kwanza Bibi Mwanahawa wa Pangani, mwaka 1974, kwa wajukuu zake waliokuwa wakisubiri wali uive. Somoe mwenyewe alikuwepo, akamsahihisha mara mbili. Tunaisimulia kama walivyokubaliana.

Somoe alikuwa na miaka sita. Alizaliwa Pangani, kwenye joto. Kisha baba yake akapata kazi ya kupasua mbao Lushoto, na wote wakahamia milimani.

Lushoto kuna baridi. Mwezi wa saba, ukungu huingia mpaka mlangoni.

Baridi ilikausha mikono ya Somoe. Ikawa kama imepakwa majivu. Kisha ikapasuka.

Kwaru, kwaru. Mikono ya Somoe ilikwaruza.

Shuleni watoto walicheza mchezo wa duara. Kila mtoto anamshika mwenzake mkono.

Hemedi alimshika Somoe. Akamwachia haraka.

"Aa! Mikono gani hii? Kama mbuzi ya nazi!"

Watoto wakacheka. "Mbuzi ya nazi! Tukunie nazi, Somoe!"

Duara likazunguka bila Somoe. Yeye alisimama pembeni, mikono ndani ya mifuko ya sweta.

Jumamosi akaja Bibi Mwanahawa kutoka Pangani. Alikuwa amepakata kapu la nazi njia nzima.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona hunipi mkono?"

Somoe akatikisa kichwa.

"Nipe tu. Mimi si mgeni."

Somoe akatoa mkono mmoja. Bibi akautazama. Hakucheka. Aliupuliza taratibu. Fuuu.

"Unauma?"

"Unauma. Halafu hawataki kunishika."

"Nani?"

"Wote. Hemedi ndiye kaanza."

Bibi akavua viatu, akakunja mikono ya gauni. "Basi tutapika mafuta. Ya dukani ya nini? Nazi tunazo, kuni tunazo, mikono tunayo."

"Hii mikono yangu mibovu?"

"Hiyohiyo."

Bibi akavunja nazi. Ko! Maji yake akanywa Somoe.

Bibi akakaa juu ya mbuzi, akakuna nazi kwenye meno ya chuma. Kwaru, kwaru, kwaru. Sinia likajaa weupe.

Akatia maji ya vuguvugu. Somoe akakamua. Chwi, chwi, chwi. Tui zito likatoka. Kuku wakapewa chicha.

Bibi akabandika sufuria jikoni. Akawasha moto mdogo tu.

"Bibi, tuongeze kuni?"

"Hapana. Tui likiungua, mafuta yanaharibika."

Polepole, moto, polepole.
Mafuta yanakuja.

Somoe akakoroga. Tui likachemka. Bwu, bwu, bwu.

"Yamekuja?"

"Bado."

"Na sasa?"

"Hata hujapepesa macho, mtoto wewe!"

Polepole, moto, polepole.
Mafuta yanakuja.

Bibi akatoka kwenda kuanua nguo. Somoe akatazama mlangoni. Akatazama sufuria. Akachukua ukuni mmoja, akausukuma motoni.

Povu likapanda. Fwuuuu!

Somoe akauvuta ukuni upesi. Povu likashuka. Bibi akarudi na nguo. Somoe akaendelea kukoroga.

Mwishowe maji yakakauka. Mafuta yakabaki, maangavu kabisa. Harufu ya nazi ikajaa nyumba nzima.

Bibi akayachuja, akayatia kwenye chupa. "Yaache yapoe. Asubuhi tunapaka."

Asubuhi Somoe aliamka wa kwanza. Akaikimbilia chupa.

Mafuta hayakuwa maangavu. Yalikuwa meupe. Akaiinamisha chupa, hayakusogea. Akaipindua, halikutoka hata tone.

"Ni ule ukuni," Somoe akanong'ona. "Nimeyaharibu."

Na nazi zote zilikuwa zimekwisha.

Mara akasikia kandambili za Bibi. Pata, pata, pata.

Somoe akaisukuma chupa ndani ya sweta, mpaka tumboni. Lo, ilikuwa baridi!

"Somoe, umeamka? Mafuta yako wapi?"

"Bado yamelala, Bibi."

"Mafuta yanalala?"

"Ndiyo. Tuyaache kidogo."

Bibi akamtazama. "Na hilo tumbo mbona umelikumbatia?"

"Linauma."

"Masikini! Njoo ukae jikoni."

Somoe akakaa karibu na moto. Bibi akamchemshia tangawizi. Somoe akanywa, akatoka jasho.

Bibi akamfunika kanga. Somoe akatoka jasho zaidi.

Bibi akamwongezea tangawizi. "Kunywa, mama. Kunywa, tumbo lipoe."

Kila Bibi alipomhurumia, Somoe alizidi kutaka kulia. Mwishowe akalia kweli.

"Bibi, tumbo haliumi! Niliongeza ukuni. Mafuta yamekufa. Yamekuwa jiwe. Na mikono yangu itakwaruza siku zote!"

Akafumba macho, akaitoa chupa.

Bibi akaipokea. Akaitikisa. Chwa, chwa, chwa.

"Jiwe gani hili linalocheza?"

Somoe akafumbua jicho moja. Kisha la pili. Ndani ya chupa mafuta yalikuwa maangavu, kama jana.

"Lakini yalikuwa magumu! Wallahi, Bibi!"

"Nakuamini. Baridi iliyagandisha. Hata kwetu Pangani, mwezi wa saba, asubuhi huganda kidogo. Seuze huku kwenu! Wewe umeyapa joto, yameyeyuka."

"Kwa hiyo sikuyaua?"

"Hukuyaua."

Somoe akapumua. Haaa.

"Ila ukuni uliongeza," Bibi akasema.

"Niliongeza."

"Nilijua. Povu lilikuwa limekauka mpaka ukingoni mwa sufuria." Bibi akamfuta machozi kwa ncha ya kanga. "Siku nyingine tumbo lako lisiume bure. Niambie tu."

Bibi akamimina mafuta kidogo kiganjani. Akampaka Somoe kidole kimoja kimoja.

Polepole, mkono, polepole.
Ulaini unakuja.

Wakapaka asubuhi. Wakapaka jioni. Kila asubuhi Somoe aliipasha chupa ndani ya sweta, na tumbo lake halikuuma hata kidogo.

Nyufa zikajifunga. Majivu yakaondoka.

Siku moja, shuleni, watoto wakapanga duara tena. Hemedi akajikuta karibu na Somoe. Akamnyooshea kidole kimoja tu.

Somoe akakishika.

Hemedi akauhisi ulaini. Kisha akampa mkono mzima.

"Mbona unanukia wali?"

"Ni mafuta ya nazi. Tumepika na Bibi."

"Yamebaki?"

"Yamebaki. Kwani vipi?"

Hemedi akatazama huku na huku. Akapandisha kaptura kidogo. Magoti yake yalikuwa yamepauka na kupasuka. Kwaru, kwaru!

Somoe alitaka kucheka. Akakumbuka. Hakucheka.

"Yanauma?" akauliza.

"Yanauma."

"Njoo nyumbani jioni. Bibi atakupaka. Lakini akikuita mume wake, usikimbie."

Duara likazunguka, likazunguka, na Somoe akiwa ndani yake. Mkono mmoja kwa Hemedi, mkono mwingine kwa mwenzake. Hakuna aliyeachia.

Jioni ile Hemedi alikuja kweli. Bibi alimwita mume wake. Hakukimbia. Aliondoka na magoti yanayong'aa.

Kisha giza likaingia, na ukungu ukafika mlangoni. Somoe na Bibi wakapanda kitandani.

"Bibi, nipe miguu yako."

"Ya nini, mke mwenzangu?"

"Nipe tu. Mimi si mgeni."

Bibi akacheka, akatoa miguu. Visigino vyake vilikuwa vikavu. Somoe akavipaka, kimoja, kisha kingine.

Polepole, mguu, polepole.
Usingizi unakuja.

Bibi ndiye aliyelala kwanza. Somoe akamfunika, akalala ubavuni mwake.

Bibi Mwanahawa alifariki Pangani, mwaka 1991. Hemedi yupo Lushoto, anachonga vitanda. Habari za kuku hatuna. Somoe yupo, ni mzima, na mwaka huu amepata kitukuu.