Mtumbwi Uliovunja Daraja

Mtumbwi ulikuwa umekingama chini ya daraja la Ngerengere, umeng'oa nguzo mbili. Ombasha Stambuli wa polisi ya boma aliutambua kabla hajafika ukingoni. Ulikuwa wa marehemu mjomba wake, Dadi, aliyekuwa akivusha watu kila masika.

Amri ya Wajerumani aliitangaza mwenyewe sokoni Morogoro, kwa mbwembwe: atakayetelekeza chombo chake katika maji ya serikali, viboko hamsa ishirini na kifungo cha mnyororo miezi sita. Mkuki kwa nguruwe! Maana kwa Waluguru mali ya mjomba huenda kwa mpwa, na mpwa wa Dadi alikuwa mmoja tu: yeye.

"Saa sita mchana niletee mwenye mtumbwi," alisema Bwana Shauri, Mjerumani aliyeamua kesi bomani. "Usipomleta, vua sare."

Stambuli aliikagua kamba ya mtumbwi. Haikuoza, ilikatwa kwa kisu. Ndani hamkuwa na kafi. Mwizi angeondoka na mtumbwi. Huyu aliuachia mtumbwi, akabaki na kafi.

Akaenda moja kwa moja kwa Salehe, mtoto wa marehemu. Kafi lilitundikwa juu ya kitanda, limepakwa mafuta ya nyonyo, linang'aa.

"Umelitoa wapi?"

"La baba hilo."

"Na kamba umekata lini?"

"Juzi, mto ulipofurika."

"Ulitaka nichapwe, binamu?"

"Wewe hata sikukukumbuka! Nimepiga kafi na baba miaka kumi na miwili. Siku ya arobaini wazee wakaniambia mwana harithi, mtumbwi ni wa mpwa. Mpwa mwenyewe hata kuupanda hujui! Nikasema basi, uende na maji, tukose wote."

"Nikikupeleka kwa kukata kamba, bado atatakiwa mwenye mtumbwi."

"Basi sema ni wangu."

"Watakuchapa, Salehe. Watakufunga."

"Sema mbele ya Mjerumani, karani aandike kwamba nimemrithi baba. Nitalala nichapwe."

Stambuli alikaa chini. Akisema kweli, mgongo ni wake, na watoto watalala njaa. Akisema uongo, anamtoa ndugu yake kafara na kuukana ukoo wa mama yake. Aliamua upesi, akajichukia kwa upesi huo.

Saa sita wazee wa ukoo walikuwa wamesimama ukutani, uani mwa boma.

"Mtumbwi wa nani?" aliuliza Bwana Shauri.

Stambuli hakuwatazama wazee. "Wa huyu, Bwana. Salehe bin Dadi. Ameurithi kwa baba yake."

Mzee mmoja alitema mate. Karani akaandika.

"Mchape wewe," Bwana Shauri alisema, akamkabidhi Stambuli kiboko.

Salehe alivua kanzu, akalala kifudifudi, akamgeuzia uso. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, naye anatabasamu.

"Asante, binamu," alisema. "Haya, piga."