Kopo la Mama Mkwe

Duka la dawa lililokuwa mkabala na hospitali kuu lilifurika asubuhi ile kana kwamba mji mzima umeamka na homa. Watu walikoholeana visogoni, watoto wawili walipokezana kulia, na nyuma ya kaunta mfamasia mwenye koti jeupe, lililopigwa pasi likakaribia kusimama lenyewe, alihesabu dawa bila haraka hata chembe. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Taratibu.

Zamu ikamfikia mwanamke mrefu mwenye gauni la kijani na mtandio mweusi, pua imemvimba kwa mafua. Taratibu akammiminia kapsuli kwenye kitrei, nusu nyekundu, nusu njano. Mwanamke akaokota moja, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hizi zangu," akasema.

"Bado, dada. Zitakuwa zako ukishalipa."

"Dawa ni yako. Ganda ni langu, nimelitengeneza mimi."

"Umelitaga?"

Foleni nzima ikacheka, na yeye akacheka mpaka mafua yakamwaibisha. Taratibu akampa kitambaa chake, akamwandikia namba ya simu juu ya bahasha ya dawa, chini ya maneno "baada ya chakula".

Mwanamke huyo alikuwa msimamizi wa chumba cha kuchovya katika kiwanda cha maganda ya dawa, na wenzake walimwita Jicho. Walisimulia, na waliosimulia walikuwa waongo wa kuaminika, kwamba siku moja alipiga chafya mfululizo, na kati ya chafya na chafya akaona ganda moja lenye ufa miongoni mwa maelfu yaliyokuwa yakipita, akalidaka kabla hajajifuta.

Mapenzi yakaanza kwa simu.

"Malkia wangu, mbona hupokei? Nimepiga mpaka betri imenihurumia."

"Simu haziingii chumba cha kuchovya. Wala pete, wala kucha bandia."

"Wala wapenzi?"

"Wapenzi huvaa kofia ya wavu na kufunga midomo."

"Basi mimi nimeshafukuzwa."

Jioni walikutana kwenye mgahawa uliokuwa karibu na kiwanda, Jicho akiwa na harufu hafifu ya jelatini isiyotoka kwa sabuni yoyote. Alimsimulia jinsi mifupa na ngozi za ng'ombe zinavyochemshwa zikatoa jelatini, ikayeyushwa ikawa nzito kama uji. Jinsi vijiti vya chuma vinavyozama humo na kuinuka vimevaa utando, vikazungushwa usichuruzike, vikapitishwa kwenye upepo. Hewa ikikauka mno maganda hupasuka. Ikiwa na unyevu hulegea, yakashikana kama wapenzi wapya.

"Sasa hapo ndipo ninapopaelewa," Taratibu akasema, akausogeza mkono wake. Kisha akatoa mfukoni kapsuli laini ya mafuta ya samaki, iking'aa kama tone la asali. "Na hii?"

"Hiyo ni ukoo mwingine. Karatasi mbili za jelatini zinakutana kwenye mashine, mafuta yanadungwa katikati, inazibwa papo hapo. Laini huwezi kuichungulia bila kuitoboa. Hizi ngumu unavuta kifuniko, unaona kilichomo, unarudisha."

"Na hakuna atakayejua?"

"Mimi nitajua. Kifuniko hukazwa mara mbili. Mara ya kwanza kidogo, kabla ya dawa kutiwa. Mara ya pili kabisa. Ukilifungua ganda baada ya hapo mdomo unachubuka, na mchubuko haufutiki."

Taratibu aliacha kutabasamu. Ilikuwa kitambo kidogo tu, akalirudisha tabasamu mahali pake. Jicho alidhani kahawa imemuunguza.

Jumapili Taratibu akampeleka nyumbani kwa mama yake. Nyumba ilikuwa kubwa, tulivu kupita kiasi, mapazia mazito yamefungwa mchana kweupe. Mama, mjane aliyevunjika nyonga mwaka uliopita, alikaa kitini na kanga mabegani, mikono ikitetemeka hata kikombe kikagonga kisahani.

"Karibu, mkwe wangu. Nasikia wewe ndiye unayeona hata visivyoonekana."

"Wananisingizia, mama."

Taratibu alipokwenda jikoni, mama akamvuta mkono. Kiganja chake kilikuwa na jasho baridi.

"Tangu mwanangu ashike dawa zangu, mkwe wangu, silali. Usiku mmoja nalala kama gogo, usiku wa pili ukuta unapumua. Nikimwambia, ananibusu kichwani ananiambia nivumilie. Nipe hilo kopo hapo, nimeze dawa ya usingizi nipumzike kidogo."

Jicho akafungua kopo la bati. Kapsuli za buluu na nyeupe. Akageuza moja mkononi, kisha nyingine. Mdomo umechubuka. Ya tatu nzima. Ya nne imechubuka.

"Umeona nini?" mama akauliza.

Taratibu alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Alimtazama Jicho tu.

"Sijaona kitu, mama," Jicho akajibu.

Juma lile simu ya Jicho iliita mchana kutwa. Akiwa kazini aliiacha kabatini, na akitoka aliitazama ikiita. Alifikiri nyumba ile kubwa, mama mmoja, mtoto mmoja wa kurithi. Alifikiri pia mkono wa Taratibu ulivyokuwa na joto. Angeweza kwenda hospitali akasema. Angeweza kwenda polisi. Kila alipovaa viatu, aliona kwanza lile tabasamu, akavua viatu.

Mwishowe akapokea.

"Laazizi, nimekukosea nini?"

"Mama anaendeleaje?"

"Anaendelea."

"Anaendelea wapi?"

"Jicho, usinihoji kama mwizi."

"Basi usinijibu kama mwizi."

Jicho akakata. Safari hii viatu vilibaki miguuni. Alifika nyumba ile adhuhuri, akapitia mlango wa nyuma, akamkuta Taratibu mezani jikoni, mikono ya shati imekunjwa. Mbele yake palikuwa na bakuli la wanga wa mahindi. Alivuta kapsuli, akamwaga dawa kwenye karatasi, akajaza wanga, akagonga kwa kucha, akafunga. Kwa utaratibu uleule aliohudumia nao foleni.

"Unamuua mama yako," Jicho akasema.

Hakushtuka. Alionekana kama mtu aliyekuwa akiyasubiri maneno hayo.

"Namwokoa. Dawa hizi ndizo zilizomwangusha akavunjika nyonga. Anainuka usiku amelewa usingizi. Daktari kasema zipunguzwe kidogo kidogo mpaka ziishe. Mama hataki hata kusikia. Nikigusa kopo analia kama mtoto."

"Kwa hiyo unamlaghai."

"Namlaghai apone. Kati ya kapsuli kumi nimetia tatu za wanga. Mwezi ujao tano. Hatahisi."

"Unampangia ipi ya leo, ipi ya kesho?"

"Nazichanganya humo koponi, anachukua yoyote."

Jicho alishika ukingo wa meza. "Taratibu. Akiokota tatu za wanga usiku tatu mfululizo?"

Taratibu akaiweka mezani kapsuli aliyoishika.

"Wewe umepunguza hesabu koponi. Mwilini kwake, leo dawa kamili, kesho hakuna kabisa. Huko si kupunguza, mpenzi. Unacheza karata na mama yako, na karata ameshika yeye, haoni."

Ndipo kikombe kilipovunjika sebuleni.

Walimkuta mama chini, macho yamegeuka, mwili unatukutika kama unaovutwa kwa kamba. Taratibu, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, alimbeba mpaka kwenye teksi bila viatu. Jicho aliishika ile karatasi yenye dawa iliyomwagwa, na kule hospitali aliikabidhi kwa daktari na kueleza kila kitu, Taratibu akiwa amesimama kando anatazama sakafu.

"Nilikuambia upunguze ukiwa naye pamoja," daktari akamwambia. "Si upunguze ukiwa umemficha. Dawa hizi zikikatika ghafla, degedege ni jambo la kutarajia. Mngechelewa kidogo, tungekuwa tunaongea mengine."

Mama aliamka kesho yake, dripu mkononi, uso mdogo juu ya mto. Taratibu alitaka kumwambia ni shinikizo la damu. Jicho alimbana kiwiko.

"Mwambie. La sivyo natoka kwa mlango ule na hutaniona tena."

Akamwambia. Alianza na nyonga, akapitia kopo, akamalizia na wanga. Mama alisikiliza bila kupepesa.

"Siku zote zile nilidhani nimerukwa na akili," akasema. "Nilikuwa nauogopa ukuta, na wewe unajua ni wanga."

"Nilikuonea huruma, mama."

"Huruma yako imenilaza hapa." Akamgeukia Jicho. "Na wewe, mkwe wangu, siku ile ulipofungua kopo. Uliona?"

Jicho alihisi midomo imekauka kama ganda lililopigwa upepo mkali.

"Niliona."

"Ukanyamaza juma zima."

"Nilinyamaza. Nilimpenda, mama. Niliogopa jibu."

Mama alifumba macho. Mashine iliyokuwa kando ya kitanda ililia polepole, na wale wawili wakasimama huku na huku kama watoto wanaosubiri fimbo.

"Basi mmelingana," mama akasema. "Mmoja anatenda kwa mapenzi, mwingine ananyamaza kwa mapenzi. Oaneni nyinyi kwa nyinyi, msije mkaharibu nyumba mbili."

Taratibu alitazama mikono yake mitupu. Hakuwa na pete, wala maneno aliyoyaandaa.

"Jicho, utanioa? Yaani, nikuoe?"

"Ukinificha kitu kwa faida yangu, hata kiwe kidogo kama punje ya chumvi, nitakihesabu kuwa sumu."

"Nimekubali."

"Na nikikiona, nitasema siku hiyohiyo, hata kama ni wewe. Hasa kama ni wewe."

"Nimekubali hilo pia."

"Basi nami nimekubali."

Wakashikana mikono juu ya shuka jeupe, mikono yote minne baridi, wala hakuna aliyecheka. Muuguzi aliingia na kikombe cha dawa. Taratibu akanyoosha mkono kukipokea, na Jicho naye akanyoosha wake. Mama akafumbua jicho moja, akakichukua mwenyewe kwa mkono wake unaotetemeka.

"Mkishaoana," akasema, "chakula changu nitakipika mwenyewe."