Simu Iliyolia Dukani

Haya nimeyapata kwa mjukuu wangu, yule anayefundisha wasichana wageni kompyuta, Jumapili hii akinisuka nywele.

Darasa lake liko juu ya duka la kutengeneza simu. Mwanafunzi wake mmoja, mfua nguo wa hotelini, aligongana ngazini na fundi wa dukani, boksi la betri likamwagika, wakaokota pamoja. Tangu hapo, kila jioni ni kupigiana simu.

"Umekula, roho?"

"Nimekula, fundi wa maneno."

Basi binti huyu aliletwa mjini na wakala aliyemnyang'anya simu, na wakala huyo akawa anawaandikia wazazi wa binti kwa jina la binti: niko salama. Wala hakuwa salama. Hilo fundi hakulijua.

Siku moja simu yake mpya ilikuwa kwa fundi, kioo kimepasuka. Binti akipita kwenda darasani, akaitwa.

"Niachie neno la siri, nijaribu kioo kipya."

"La nini?"

"Au kuna bwana humo?"

Binti hakucheka. Akapanda ngazi.

Na somo lenyewe likawa hilo: simu ikiibwa, uifunge kwa kompyuta, uilize kengele ukiwa mbali. Mjukuu wangu akawaambia, "Anayekuomba neno la siri ni mwizi, hata akikuita roho." Wanafunzi wenzake binti wakacheka. Yeye akaitafuta simu yake kwenye kompyuta, akabonyeza.

Kelele ikapanda kutoka chini, ikafuatwa na sauti ya mwenye duka: "Simu hii imeandika imeibwa. Kumbe ndiyo kazi yako?"

"Mshikeni huyo," mtu akadakia.

Binti akashuka mbio, kandambili moja ikabaki ngazini. Akamkuta fundi kakabwa ukosi, shati la bluu limechanika kwapani.

"Simu yangu. Nilimpa kwa mkono wangu."

"Mbona inalia?"

"Nilikuwa najifunza."

Watu wakaangua kicheko, wakamwachia. Mwenye duka akamwambia arudi mezani kwake. Fundi hakucheka.

"Ungeniuliza tu," akasema. "Leo ningeuawa."

Ndipo binti akamweleza habari za wakala, macho chini, watu wakisikia.

Fundi akaisukuma simu mezani, akageukia ukuta. "Weka neno lako la siri mwenyewe. Ukimaliza, kohoa."

Binti akaweka. Hakukohoa, alimgusa bega.

Jioni simu ikaita.

"Umekula, roho?"

"Nimekula. Bado umekasirika?"

"Kidogo. Kesho nitamalizia."

Binti akasinzia simu ikiwa sikioni. Fundi hakukata. Alisikiliza pumzi yake mpaka ikatulia, naye akalala.